Kulaza boti ya injini ya ndani kipindi cha baridi, na oili ibadilishwe lini

Wakuu, kwa sisi tulioko huku Minnesota wenye boti za injini ya ndani, Oktoba ndo mwezi wa kukaa macho. Ziwa linaweza kuwa halijaganda kabisa ila usiku mmoja tu ukishuka chini ya 32 Farenhaiti maji yaliyobaki kwenye injini yanaganda, yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, na bloku ya chuma haitanuki, inapasuka. Hapo huna injini tena.

Naongelea injini ya petroli inayopozwa na maji ya ziwa moja kwa moja. Kama yako ina kulanti yake ndani (maji ya dawa ya kupoza injini yasiyoganda), pima tu nguvu ya kulanti, lakini njia ya maji ya ziwa lazima uimwage vilevile.

Anza na mafuta. Huku petroli ya kawaida ina ethanoli asilimia 10 na ethanoli inavuta unyevu, kwahiyo mwishoni mwa msimu mi natafuta ile isiyo na ethanoli, naweka na dawa ya kutunza petroli kwa kipimo cha kwenye chupa. Boti ikiwa kwenye trela chomoa mpira unaovuta maji chini, uchovye kwenye ndoo inayojazwa na bomba, washa injini dakika 10 hadi 15 ipate moto na ile dawa ifike mpaka kwenye kabureta. Ndoo isikauke hata kidogo, impela (ile feni ya mpira ndani ya pampu ya maji) ikizunguka bila maji inaungua haraka sana.

Sasa oili. Wengi wanasema ntabadilisha mwezi wa nne ili nianze msimu na oili mpya, naomba sana msifanye hivyo. Oili iliyofanya kazi kiangazi chote ina masizi, unyevu na asidi, ukiiacha imekaa miezi sita inakula beringi taratibu wakati we umelala, ila oili mpya ikikaa haidhuru kitu. Manyueli nyingi zinasema masaa 100 au mara moja kwa mwaka, chochote kitakachotangulia, kwahiyo hata kama umetembea masaa 30 tu badilisha sasa hivi kabla ya kulaza. Ivute ikiwa ya moto, kwa pampu kupitia tundu la dipstiki, maana chini kwenye ngama hakuna nafasi hata ya kuingiza beseni. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa simama, kuna maji yameingia, tafuta chanzo kwanza. Filta mpya paka oili kwenye mpira wake, kaza kwa mkono, halafu jaza oili mpya. Washa tena dakika moja kwenye ndoo izunguke, na hapohapo puliza oili ya kopo ya kuzuia kutu kwenye kabureta.

Kumwaga maji ndo penyewe. Fungua nati za kumwagia pande zote mbili za bloku na kwenye manifoldi za ekzosi (mabomba ya chuma yanayokusanya moshi wa injini). Ukifungua na maji yasitoke usiseme hamna maji! Mara nyingi tundu limezibwa na kutu na mchanga, chukua waya mgumu chokoa ndani, utasikia kitu kinakatika kama ganda halafu maji ya kahawia yanaruka mpaka kwenye mkono. Chokoa mpaka yaishe.

Rudisha nati, halafu mimina antifrizi ya pinki (ile ya propilini glaikoli, haina sumu kali kama ya magari) kupitia mipira mikubwa ya juu, mi natumia galoni kama 5, mpaka itoke pinki kwenye ekzosi. Kuivutisha tu kwa ndoo injini ikiwa baridi siamini, themostati (kile kifaa kinachofungua njia ya maji injini ikipata moto) imefunga, antifrizi inapita pembeni na bloku inabaki tupu, au mbaya zaidi ina maji.

Betri chaji ijae, chomoa waya. Impela itoe pia isikae imejikunja miezi yote, ifunge pamoja na ufunguo wa kuwashia, ili mtu asije akawasha injini haina impela.