Kabla hujaamini kwamba protini fulani inasaidia virusi vya kupe

Mwaka wangu wa pili maabarani nilishangilia mapema mno. Nilinyamazisha jeni moja ya seli, yaani niliizuia isitoe protini yake, na virusi vya Langat, ndugu wapole wa virusi vya homa ya ubongo vinavyoenezwa na kupe, vikapungua sana. Wiki tatu baadaye nikagundua kwamba seli zenyewe zilikuwa zinakufa, na seli iliyo hoi haimlishi mgeni. Kwa hiyo anza hapo: nyamazisha jeni, usiambukize, upime uhai wa seli.

Kisha uliza protini yako inafanya kazi hatua gani. Virusi hivi vina RNA, uzi wa maagizo yao ya urithi, ya herufi zipatazo 11,000 na protini 10 tu, mengine huyaazima kwa seli. Virusi vya homa ya ubongo, kwa mfano, huingia kwa kushika LRP8, protini ya kupokea iliyo juu ya seli. Ndani, ribosomu za seli, mashine zake za kutengeneza protini, husoma RNA na kutoa mnyororo mmoja mrefu wa protini, unaokatwakatwa na vimeng'enya vya seli na vya virusi. Unakili wa RNA hufanyika katika vifuko vidogo vya utando wa retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa utando ulio ndani ya seli. Njiani kutoka, furini, kimeng'enya cha seli, hukata prM, protini ya juu ya kirusi, ili kirusi kikomae. Ndiyo maana nahesabu RNA pamoja na chembe zenye uwezo wa kuambukiza: ukizuia furini, RNA inaweza kubaki tele huku chembe zinazotoka zikiwa butu.

Kutenganisha hatua za ndani, natumia replikoni: RNA ya virusi iliyoondolewa protini za ganda na kupachikwa jeni inayotoa mwanga. Unaiingiza wewe mwenyewe, na haiwezi kuenea. Weka kando yake nyingine yenye polimerasi, kimeng'enya cha kunakili RNA, iliyoharibiwa. Mwanga wa hiyo hutokana na tafsiri peke yake, yaani RNA kusomwa kuwa protini. Ikiwa ya kwanza tu ndiyo inafifia, shuku unakili.

Sasa rudisha protini uliyoiondoa. Iandike jeni kwa herufi tofauti kidogo, protini ibaki ileile, ili kinyamazishi kisiitambue. Virusi visiporudi juu, mimi siandiki neno “inasaidia”, hata kama grafu ya kwanza inapendeza.

Ukiweza, rudia katika seli za kupe. Humo virusi hukaa muda mrefu bila kuziua, kwa hiyo usitarajie protini ileile iwe na uzito uleule.