Somo: Namna ya Kumjengea Chatu-Mpira Kizimba Atakachotulia Ndani Yake

Chatu ninayemzungumzia hapa si yule wa Serengeti anayemeza swala. Chatu-mpira, ambaye wataalamu humwita Python regius na Waingereza humwita chatu wa kifalme, ni nyoka mfupi mnene asiye na sumu. Dume aliyekomaa huwa na urefu wa takriban mita moja, na jike mara nyingi huishia kati ya mita 1.2 na 1.5. Kwao ni savana na kingo za misitu ya Afrika, kuanzia Senegali hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda, na kwa miaka mingi waliosafirishwa kwenda ng'ambo wametoka hasa Ghana, Togo na Benin. Jina la mpira amelipata kwa sababu anapoogopa ni nadra kung'ata. Hujikunja akawa donge, kichwa amekificha katikati.

Mchana huyu mnyama hushinda ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vilivyohamwa na mchwa, mahali penye giza, joto lisilobadilika ghafla na hewa yenye unyevu, kisha hutoka usiku kuwinda. Kwa hiyo anayetaka kumfuga hana budi kumjengea kichuguu, wala si dirisha la duka. Mimi nilianza na dirisha la duka. Mwaka wangu wa kwanza hapa Leicester nilinunua tangi la kioo la samaki, nikaweka mkeka wa umeme chini yake, gogo moja zuri katikati, na taa iliyowaka hadi usiku ili wageni wamwone vizuri. Kibuyu, jike langu, hakula kwa wiki kumi na moja, na akawa anasugua pua kwenye kioo hadi magamba ya mdomo yakachubuka. Nilikuwa nikidhani nimepata nyoka mkaidi.

Jambo moja kabla ya kutoa pesa: nyoka huyu akitunzwa vizuri huishi miaka 20 hadi 30. Mwaka 2020, katika bustani ya wanyama ya Saint Louis huko Marekani, jike aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 62 au zaidi alitaga mayai ilhali hakuwa amekutana na dume kwa miaka mingi. Unayenunua leo huenda akarithiwa na wanao.

Hatua ya kwanza: kizimba chenyewe

Kwa chatu aliyekomaa tafuta kizimba kisichopungua sentimita 120 kwa urefu, 60 kwa upana na 60 kwenda juu. Wako wanaosema kwamba kizimba kikubwa humtia hofu; nimejaribu na nimeona kwamba kinachomtia hofu ni uwazi, si ukubwa. Kizimba kikubwa kilichojaa maficho humfaa hata mtoto wa nyoka.

Kizimba cha mbao chenye milango ya kioo mbele hutunza joto na unyevu kuliko tangi lenye wavu juu, ambalo hupoteza vyote viwili usiku kucha. Mlango wa mbele una faida nyingine: mkono unaoshuka kutoka juu humkumbusha nyoka kucha za mwewe. Ikiwa ni cha mbao, ziba maungio yote ya ndani kwa silikoni ya matangi ya samaki isiyo na dawa ya kuua kuvu, kisha ukiache wazi siku kadhaa mpaka harufu ile ya siki iishe kabisa. Matundu ya hewa yabaki. Mwisho weka kufuli, kwa kuwa nyoka huyu, ingawa ni mzito na anaonekana mvivu, hupita mahali ambapo hungedhani kidole kinapita, na kioo cha kuteleza hukisukuma kwa pua bila shida.

Hatua ya pili: joto

Chatu hajitengenezei joto kama sisi. Hulipata pale alipo, na kwa kulifuata au kulihama ndivyo anavyouendesha mwili wake, pamoja na usagaji wa chakula tumboni. Kwa sababu hiyo kizimba lazima kiwe na ncha mbili: upande wa joto, ambapo hewa iwe kati ya nyuzi 31 na 33 za Selsiasi, na upande wa baridi, kati ya nyuzi 24 na 27. Usiku joto linaweza kushuka, lakini lisipite chini ya nyuzi 22.

Ninachotumia ni kipasha joto cha kauri, yaani kile kinachofungwa kwenye soketi kama balbu lakini hakitoi mwanga, kikiwa kimeshikizwa darini upande mmoja. Mkeka wa umeme hupasha kile kinachoulalia, haupashi hewa, kwa hiyo katika nyumba ya baridi hautoshi peke yake. Mawe ya umeme yanayouzwa madukani usiyanunue kabisa, kwani yana sehemu zinazochoma kuliko nyingine, na nyoka anaweza kulalia jiwe linalomuunguza tumbo asiondoke kwa wakati. Kwa sababu hiyo hiyo, kila taa au kauri iliyo ndani ya kizimba ivikwe wavu wa waya, la sivyo siku moja utamkuta ameizungushia mwili.

Kifaa ambacho hakina mbadala ni themostati, yaani kidhibiti cha joto. Mkeka wangu wa kwanza haukuwa nayo, na nilipokuja kupima chini ya tandiko nilikuta nyuzi 46. Ya kuwasha na kuzima yafaa kwa mkeka. Kauri hutaka ya mapigo, inayopeleka umeme kidogo kidogo. Balbu inayotoa mwanga hutaka ile inayopunguza nguvu taratibu, la sivyo itawakawaka kama taa ya disko. Kihisio chake ukifunge imara upande wa joto, kwenye kimo cha mgongo wa nyoka. Kikilegea kikaangukia upande wa baridi, themostati itaamini kwamba kizimba kizima kina baridi na itaendelea kupasha joto bila kukoma. Nje ya themostati weka vipimajoto viwili vya kidijitali, kimoja kila upande. Vile vya mshale vya kubandika ukutani nimeviona vikikosea kwa nyuzi tano na zaidi.

Hatua ya tatu: tandiko na unyevu

Hapa ndugu zetu wa Pwani watacheka, maana bidhaa inayouzwa Ulaya kwa bei ya kukera si kitu kingine ila makumbi ya nazi. Hukaushwa, hukatwakatwa, hushindiliwa kuwa tofali, nawe ukilitia maji linafumuka likajaa ndoo nzima. Ni tandiko zuri sana: hushika maji, halivundi upesi, na nyoka huweza kujifukia humo. Weka kina cha sentimita nane hadi kumi. Unaweza kulichanganya na udongo wa bustani usiotiwa mbolea. Maranda ya msonobari na ya mwerezi yaepukwe, kwa kuwa mafuta yake yenye harufu hudhuru mapafu ya nyoka.

Unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 60 na 75, na usichukizwe ukipanda hadi 80 siku chache kabla hajajivua gamba, wakati macho yake yanapofifia rangi kama yametiwa maziwa. Makosa ya wengi ni kunyunyiza juu juu kila asubuhi. Unyevu hupanda kwa saa moja kisha hushuka, na juu ya tandiko panabaki pameloa huku chini pamekauka. Mimi humimina maji pembeni, taratibu, yakashuka mpaka chini, uso wa tandiko ukabaki mkavu. Nyoka anayelalia majimaji hupata vidonda vya magamba ya tumbo. Gamba likivuka zima, kuanzia pua hadi mkia, na vifuniko vya macho vikiwa vimo, ujue unyevu wako u sawa. Likitoka vipandevipande, usimbandue kwa nguvu, ongeza unyevu.

Hatua ya nne: maficho

Weka maficho mawili yanayofanana, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi, ili asilazimike kuchagua kati ya joto na usalama. Akiwa na ficho moja tu upande wa baridi, atabaki humo hata tumbo likiwa na panya asiyesagika, kwa sababu woga humshinda. Ficho liwe la kumbana: mlango mmoja mdogo, dari fupi, mgongo na mbavu ziguse kuta anapojikunja. Bakuli la plastiki lililopinduliwa na kukatwa tundu hufanya kazi sawa na pango la bei kubwa.

Baada ya hayo jaza uwazi uliobaki. Magome, majani makavu, mimea ya plastiki, vigogo vya kupandia. Ndiyo, kupandia, kwa maana huko porini madume na wadogo hupanda miti na kuwala ndege, ingawa wengi humdhania kuwa nyoka wa ardhini tu. Ukimaliza, simama mbele ya kizimba ujiulize kama nyoka anaweza kutoka ncha moja hadi nyingine bila kuonekana. Kama hawezi, ongeza majani.

Hatua ya tano: maji na nuru

Bakuli zito lisilopinduka, maji mapya kila siku, liwekwe upande wa baridi. Nuru iwe saa kumi na mbili na giza saa kumi na mbili. Taa ya miale ya urujuanimno (UV) kama ya jua, ikiwa hafifu, haimdhuru na mimi nimeiweka, lakini wengi wameishi maisha marefu bila hiyo.

Hatua ya sita: jaribu nyumba kabla ya mpangaji

Kiwashe kizimba kwa wiki nzima kikiwa kitupu, usome vipimo asubuhi, mchana na usiku wa manane, urekebishe. Ndipo umlete. Kama utamweka nyumba moja na nyoka wengine, mtenge kwanza miezi miwili au mitatu juu ya karatasi nyeupe za jikoni, mahali ambapo utitiri, yaani vidoa vyeusi vinavyotembea, huonekana upesi; hata hapo mpe maficho yake yote. Akishaingia usimshike kwa siku saba hadi kumi. Kisha mpe panya aliyegandishwa akayeyushwa na kupashwa moto, asiyezidi unene wa kiwiliwili cha nyoka pale kinaponenepa zaidi, na baada ya kula umwache saa 48.

Maswali ya wanachama

Kutoka Arua: Shikamoo mzee. Huyu nyoka kwetu yupo porini. Kuna ubaya gani nikimchukua mmoja shambani?

Marahaba, mwanangu. Ubaya wa kwanza ni wa kisheria: Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 hairuhusu kumiliki mnyama wa porini bila kibali, na chatu huyu yumo pia katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini. Ubaya wa pili ni wa mnyama mwenyewe. Aliyekamatwa akiwa mkubwa huja na kupe na minyoo, na mara nyingi hukataa chakula miezi mingi. Huyo tayari ana kichuguu chake. Mwache alinde mihogo yenu dhidi ya panya.

Kutoka Minneapolis: Kaka, majira ya baridi hita za nyumba hukausha hewa, unyevu wangu umeshuka hadi asilimia 30. Na umeme ukikatika je?

Dada, funika robo tatu ya wavu wa juu kwa karatasi ya alumini, ukiepuka sehemu iliyo karibu na taa, na uongeze kina cha tandiko. Umeme ukikatika, kifunge kizimba kwa mablanketi, uache tundu la hewa, na uweke chupa za maji ya moto zilizoviringishwa taulo nje ya ficho. Saa chache za baridi hazimuui, lakini usimlishe mpaka joto lirudi.

Kutoka Bremen: Dume langu la miaka minne halijala wiki ya tisa sasa. Nimpeleke kwa daktari?

Mpime uzito kwanza. Madume waliokomaa hugoma sana majira ya baridi, na miezi miwili au mitatu ni kawaida mradi hajapoteza zaidi ya asilimia kumi ya uzito wake. Kagua joto la upande wa moto na ubane wa maficho, mjaribu kila baada ya wiki mbili, usimfungue kinywa kwa nguvu. Akikoroma, akitoa povu au akiinua kichwa huku kinywa ki wazi, hilo si suala la chakula tena. Mpeleke siku hiyo hiyo kwa daktari anayejua reptilia.

Kutoka Leeds: Naweza kuwaweka wawili pamoja wasiwe wapweke?

Hapana. Hawana upweke. Ukiwaona wamelaliana, aghalabu wanagombea ficho moja lenye joto linalofaa, na mnyonge ndiye aliye chini.

Kutoka Nottingham: Mama mkwe anakuja kukaa nasi miezi mitatu, naye nyoka hata pichani hataki. Nifanyeje?

Mwambie kabla hajapanda ndege, wala usingoje agundue mwenyewe. Kizimba kihamishie chumba chenye mlango unaofungwa, weka kufuli na ufunguo mpe yeye ashike. Nilifanya hivyo kwa shangazi yangu, na usingizi ulimjia. Nyoka hubeba bakteria wa salmonela hata akiwa mzima, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni kila umgusapo, na bakuli lake lisioshwe kamwe kwenye sinki la jikoni. Na panya wagandishwe katika friji yao wenyewe. Hilo la friji ndilo ambalo shangazi hakunisamehe.