Jinsi ya kutafuta hitilafu ya ABS kwenye pikapu, hatua kwa hatua

Pikapu inayoteremka Kitonga na mbao za Mafinga, au inayotoka Isyonje na viazi wakati wa masika, inakula matope na kokoto kila siku. ABS ni mfumo unaozuia tairi kufunga, yaani kuacha kuzunguka, ukikanyaga breki kwa nguvu. Sensa zake, zinazopima kasi ya kila tairi, zinakaa pale pale kwenye tairi, kwa hiyo zinaumia mapema kuliko kompyuta na pampu. Hata hivyo wateja wengi wanauziwa pampu kabla sensa moja haijapimwa. Fuata mpangilio huu na utanunua kile tu kilichoharibika. Mifano ni ya Toyota Hilux, hasa kizazi cha Vigo; Ford Ranger na Nissan Navara zinafuata kanuni hizo hizo, ila kodi zake, yaani namba za hitilafu zinazoandikwa na kompyuta, ni tofauti.

Andaa mita ya kidijitali, jeki na stendi mbili, kabari za tairi, soketi namba 10 na 12, brashi ya waya, msasa laini, dawa ya kusafishia breki na kipande kifupi cha waya. Kumbuka kuwa vile vifaa vidogo vya bei rahisi vya kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi vingi husoma injini peke yake. Kwa ABS unahitaji mashine inayosoma kodi zinazoanza na herufi C.

Hatua ya 1: Muulize dereva, kisha angalia taa

Taa ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida zinafanya kazi ila tairi zinaweza kufunga ukikanyaga kwa nguvu. Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, simamisha gari. Huenda mafuta ya breki yamepungua, au mfumo unaogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma umezimika. Pikapu tupu ni nyepesi nyuma; bila mgawanyo huo tairi za nyuma hufunga kwanza na mkia unageuka, hasa kwenye lami iliyolowa.

Kuna dereva atakayesema pedali inatetemeka gari likikaribia kusimama kabisa, kwenye lami kavu, na taa haijawaka. Hiyo ni dalili ya sensa moja yenye mawimbi dhaifu: kompyuta inadhani tairi imefunga na inawasha pampu bila sababu. Lakini pedali kutetemeka ukikanyaga ghafla kwenye kokoto ni ABS inafanya kazi yake. Na pedali ikizama mpaka chini baada ya mteremko mrefu, hiyo si ABS kabisa. Mafuta ya breki yamechemka. Mafuta mapya ya aina ya DOT 3 huchemka kwa nyuzi 205 au zaidi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango chake cha chini hushuka hadi 140. Badilisha mafuta, na mwelekeze dereva ashuke kwa gia ndogo.

Hatua ya 2: Umeme na mafuta

Pima betri injini ikiwa imezimwa: karibu volti 12.6. Injini ikiwaka: kati ya 13.8 na 14.5. Volti zikishuka sana kompyuta ya ABS inajizima na kuandika kodi, na hapo utahangaika na sensa nzima kumbe oltaneta inayochaji betri ndiyo mgonjwa. Angalia fyuzi za ABS kwenye boksi la injini. Ile ya mota ya pampu ni kubwa, kwa kawaida ampea 40 au 50. Itoe na uipime kwa mita, maana macho hudanganya.

Mafuta ya breki yakiwa chini ya alama, usiongeze tu. Ama pedi zimekwisha, ama kuna mahali panavuja. Pitia mipira ya breki, kalipa na silinda za ngoma za nyuma.

Mwombe mtu akanyage breki uone kama taa za breki nyuma zinawaka. Swichi ya pedali ikifa, ABS nayo hulalamika.

Hatua ya 3: Soma kodi

Bila mashine, Hilux nyingi za kizazi hicho hukubali kusomwa kwa kuhesabu mimuliko ya taa. Zima swichi ya kuwashia gari. Kwenye soketi ya uchunguzi chini ya dashibodi, upande wa dereva, unganisha tundu namba 13 na namba 4 kwa waya. Hesabu kwa makini: namba 16 ni umeme wa betri moja kwa moja, ukiugusisha na 4 unaunguza fyuzi au waya. Kisha washa swichi bila kuwasha injini.

Taa ikimulika haraka haraka bila kukoma, hakuna kodi. Ikimulika mara tatu, ikatulia kidogo, ikamulika mara mbili, hiyo ni 32. Sensa zinahesabiwa hivi: 31 mbele kulia, yaani upande wa dereva, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Kodi 35, 36, 38 na 39 zinafuata mpangilio huo huo wa tairi, zikimaanisha kuna uchafu kwenye ncha ya sensa. Kwa pikapu za huku hizi usizipuuze. 41 ni umeme mdogo, 49 ni swichi ya taa za breki, 51 ni mota ya pampu.

Ukiwa na mashine, soma pia kasi ya kila tairi gari likitembea polepole, kama kilomita 20 kwa saa. Zote nne zinatakiwa kukaribiana sana. Tairi moja ikisoma 16 wakati nyingine zinasoma 20, au ikiruka kwenda sifuri na kurudi, umeshajua pa kwenda. Kabla ya hapo hakikisha tairi zote zina saizi moja; mbili kubwa nyuma na ndogo mbele zinaleta usumbufu huo huo.

Hatua ya 4: Nenda kwenye tairi iliyotajwa

Weka kabari, inua gari, weka stendi, toa tairi. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, usiharakishe.

Kabla ya kuitoa tairi, ishike juu na chini uitikise. Beringi ikicheza, nafasi kati ya sensa na ringi ya meno inayozunguka pamoja na tairi mbele yake inabadilika kila unapokata kona, na taa itawaka hata ukiweka sensa mpya. Tengeneza beringi kwanza.

Fuata waya kuanzia kwenye sensa mpaka ndani ya bodi. Angalia vibanio vyote. Mtu akibadilisha pedi na kusahau kurudisha kibanio kimoja, waya unaanza kusuguliwa na tairi au kuvutwa kila usukani unapogeuzwa. Shaba inakatika ndani ilhali ganda la nje ni zima, kwa hiyo kwa macho huoni kitu.

Sensa ya nyaya mbili ya aina ya koili pima ukinzani wake baada ya kuchomoa plagi: kwa kawaida kati ya kilo-omu 0.8 na 2.5. Namba ya maana zaidi ni ya sensa ya upande wa pili, zilinganishe. Mita ikiwa bado imeunganishwa, kunja na kukunjua waya taratibu. Namba ikirukaruka, waya umekatika ndani. Kisha weka mita kwenye volti za AC na zungusha habu kwa mkono, mzunguko mmoja kwa sekunde: utaona sehemu ya kumi ya volti au zaidi. Sensa za kisasa zinazolishwa umeme usizipime kwa omu, unaweza kuziua. Hizo zipime umeme unaofika kwenye plagi swichi ikiwa imewashwa, na uzisome kwa mashine.

Itoe sensa kwa soketi namba 10. Ikigoma kwa kutu, pulizia dawa ya kulegeza, subiri, kisha izungushe kidogo kidogo. Ukiipiga nyundo umeshanunua mpya. Kutu chini ya kikalio chake huinyanyua, na milimita moja tu inatosha kudhoofisha mawimbi. Safisha tundu kwa msasa mpaka chuma king'ae. Futa unga wa chuma ulionata kwenye ncha. Zungusha ringi taratibu ukimulika kila jino: tafuta jino lililovunjika, ufa, au tope lililokauka katikati. Kama beringi ina ringi ya sumaku badala ya meno, ule upande wenye sumaku lazima uelekee kwenye sensa. Beringi ikigeuzwa, hakuna kodi itakayofutika.

Kaza boliti kwa upole, takriban Nm 8.

Hatua ya 5: Pampu ni ya mwisho

Ukipata 51, pima umeme kwenye waya mnene wa pampu, kisha safisha erthi yake kwenye bodi. Ikibidi kweli kubadilisha, ya mtumba iwe na namba ile ile iliyoandikwa kwenye ya zamani. Uliza pia nani ataitoa upepo, kwa sababu hewa ikinasa ndani ya pampu, mara nyingi inahitaji mashine ya kuizungusha.

Hatua ya 6: Futa kodi na jaribu

Waya ukiwa bado kwenye 13 na 4 na swichi imewashwa, kanyaga breki mara 8 au zaidi ndani ya sekunde 5. Toa waya. Jaribu kwenye uwanja wa kokoto usio na watu, kamwe si kwenye barabara kuu ya malori: endesha kilomita 40 kwa saa, kanyaga kwa nguvu, usikie pedali ikitetemeka na gari likisimama limenyooka. Taa isipowaka tena, osha tairi kwa maji mengi na urudie jaribio hilo likiwa limelowa, kwa kuwa waya wenye ufa hujificha ukiwa mkavu.