Somo: Picha ya rangi kwa filamu ya nyeusi na nyeupe

Wakuu, kabla filamu ya rangi haijawa kitu cha kawaida, watu walipiga picha kitu kimoja mara tatu kupitia filta nyekundu, kijani na buluu, kisha wakaziunganisha picha hizo. Mwanafizikia James Clerk Maxwell alilitoa wazo hilo 1855 na kulionyesha London 1861 kwa picha ya utepe. Baadaye mpiga picha Sergei Prokudin-Gorsky akazunguka nalo Urusi ya kifalme. Ukiwa na filamu na subira, nawe unaweza.

Hatua ya 1: Tumia filamu ya pankromatiki, yaani inayoona rangi zote. Ya othokromatiki haioni nyekundu.

Hatua ya 2: Kamera ikae kwenye tripodi. Ukishaweka fokasi na tundu la lenzi, usiviguse tena. Badilisha muda wa shata tu.

Hatua ya 3: Hapa ndipo kazi ilipo. Filta hula mwanga. Filta za Wratten namba 25 (nyekundu) na 58 (kijani) hudai mwanga takriban mara 8, hivyo muda wa shata wa sekunde 1/125 unakuwa 1/15. Kwa buluu, yaani namba 47, fuata maelezo ya filamu yako. Pima mwanga bila filta kisha zidisha, maana mita nyingi hudanganyika na rangi kali. Weka karatasi ya kijivu pembeni mwa picha: ikitoka na weusi uleule kwenye negativu zote tatu, umepatia.

Hatua ya 4: Safisha filamu, skani bila marekebisho ya otomatiki, geuza ziwe pozitivu, kisha weka kila moja kwenye chaneli ya rangi ya filta yake kompyutani.

MASWALI

Mkuu, mbona maji yametoka na rangi za upinde wa mvua?
Yalisogea kati ya picha na picha. Hata mito ya Prokudin-Gorsky iko hivyo. Mimi sizifuti rangi hizo, ndiyo raha yenyewe.

Maxwell alipataje nyekundu wakati dawa za enzi zile hazikuiona?
Bahati tu! Watafiti wa Kodak walieleza 1961 kwamba kitambaa chekundu kilirudisha pia miali ya urujuanimno, nayo ikapenya filta nyekundu.

Na Autochrome, naweza kutengeneza nyumbani?
Ile bamba ya kioo ya picha za rangi ya ndugu Lumière, iliyoingia sokoni 1907, ni ngoma nyingine. Chembe za wanga wa viazi hutiwa rangi ya chungwa, kijani na zambarau, hutandazwa tabaka moja kwenye kioo, mianya hujazwa masizi, ndipo dawa ya picha ipakwe juu. Anza na filta, mkuu.