Shira yenye ladha: chemsha kiungo kwanza, sukari baadaye

Ukitupa sukari, maji na viungo sufuriani kwa pamoja, utapata shira, lakini kila mara itatoka tofauti. Maji yaliyojaa sukari huvuta ladha polepole kuliko maji matupu, na viungo ukivichuja vinaondoka vimelowa shira. Afadhali utengeneze kwanza maji ya ladha, uyachuje, uyapime, ndipo utie sukari.

Unahitaji mizani ya jikoni, sufuria yenye kitako kinene, chujio laini na chupa ya kioo. Mizani usiiache. Kikombe cha sukari kina gramu 200 hivi, cha maji gramu 240, kwa hiyo "kikombe kwa kikombe" hutoa shira yenye sukari asilimia 45 tu, wakati uzito sawa hutoa asilimia 50. Tofauti hiyo inatosha kuifanya ichache mapema.

1. Toa ladha. Anza na maji gramu 600, maana mengine yatanyonywa na viungo na mengine yatapotea kwa mvuke. Namna ya kuitoa ladha inategemea kiungo chenyewe.

Viungo vigumu vinataka moto. Tangawizi gramu 120 iliyokatwa vipande vyembamba, au vijiti 3 vya mdalasini, au iliki punje 20 zilizopondwa kidogo: chemsha kwa moto mdogo dakika 15 hadi 20, sufuria ikiwa imefunikwa. Karafuu zisizidi 5, zikizidi zinafunika kila kitu na kuacha ulimi una ganzi. Usitumie mdalasini wa unga, huifanya shira iwe ya utelezi kama bamia na hakuna chujio litakaloisafisha.

Maua na maganda hayataki kuchemshwa. Yapashe maji mpaka yachemke, epua, tia maua makavu ya rosela gramu 30 au maganda ya malimau 4, funika dakika 20. Menya ile sehemu ya njano tu. Ile nyeupe iliyo chini yake ni chungu, na uchungu huo hauondoki kwa kuongeza sukari.

Mnanaa una njia yake. Chovya majani katika maji yanayochemka kwa sekunde 15, yatie mara moja kwenye maji ya barafu, yakamue, kisha yasage na shira ambayo imeshapoa na uchuje. Ukiyachemsha, rangi inakuwa ya kahawia na ladha inafanana na mboga iliyopikwa.

2. Chuja na upime. Hapa ndipo hesabu inapofanyika. Tuseme umebaki na maji gramu 480. Kwa shira nyepesi tia sukari gramu 480. Kwa shira nzito tia mara mbili, gramu 960. Usizidishe zaidi ya hapo, kwa sababu sukari ya ziada ikipoa itarudi chenga chini ya chupa.

3. Yeyusha. Rudisha jikoni kwa moto mdogo, koroga mpaka usione hata punje moja, kisha acha kukoroga. Punje zilizonata ukingoni mwa sufuria zifute kwa brashi yenye maji. Punje moja ikiingia kwenye shira nzito, nyingine huikusanyikia, na baada ya siku chache chupa nzima imekuwa na chenga. Kinga yake ni kijiko kidogo cha maji ya limau kwa kila gramu 500 za sukari, kichemke nayo dakika 5: asidi huigawa sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko huo haugandi kwa urahisi. Ikishachemka hizo dakika, epua. Kuendelea kuchemsha ni kupoteza maji na kuvuruga kipimo ulichohangaikia.

4. Tia vya mwishoni. Vanila na maji ya waridi huingia shira ikiwa imepoa, la sivyo harufu yote inaishia jikoni. Kijiko kimoja kikubwa cha maji ya waridi kinatosha nusu lita. Ukitia viwili unanusa sabuni.

5. Hifadhi. Chemsha chupa dakika 10, jaza, funga, weka kwenye friji. Shira nyepesi tumia ndani ya wiki 3, nzito ndani ya miezi 3, ya mnanaa ndani ya wiki moja. Ikianza kutoa mapovu au ukungu, mwaga yote. Kuondoa ukungu wa juu hakusaidii.

Sasa matumizi. Kwa soda ya nyumbani, mililita 30 za shira nyepesi kwa mililita 150 za maji yenye gesi. Tia shira kwanza, maji ya gesi taratibu, koroga mara moja tu. Kwa chai au kahawa baridi, anza na mililita 20 kwa glasi ya mililita 250. Shira inaizidi sukari hapa kwa sababu sukari kavu hukaa chini ya glasi ya baridi bila kuyeyuka.

Kwenye maziwa uwe mwangalifu. Rosela na limau huyakata kwa asidi. Tangawizi mbichi huyakata kwa kimeng'enya chake, lakini ile uliyoichemsha kama hapo juu haina tatizo hilo.

Keki inataka shira nyepesi, mililita 60 hivi kwa tabaka la sentimita 20, ipakwe kwa brashi keki ikiwa na joto na shira ikiwa imepoa. Vikiwa moto vyote viwili, keki inalowa juu na kumeguka. Vitafunio vya kukaanga vinataka shira nzito iliyoendelea kuchemshwa mpaka tone lake, ukilibana kati ya vidole viwili baada ya kupoa kidogo, livute uzi. Ukiwa na kipimajoto, uzi huanza karibu na nyuzi 106 za Selsiasi. Usilishike tone likitoka tu sufuriani: shira hunata kwenye ngozi na inaunguza kuliko maji ya moto.

Ukitumia shira nyepesi badala ya sukari kwenye mchanganyiko wa keki, kumbuka nusu yake ni maji. Gramu 100 za sukari ni gramu 200 za shira, basi punguza gramu 100 za maji au maziwa kwenye mchanganyiko.