Kabla hujanunua skana ya vitabu vya katuni vilivyofungiwa kwenye kasha

Skana yangu ya kwanza ilinipa picha nzuri sana ya mikwaruzo. Kila mchirizi uliokuwa juu ya plastiki ya kasha ulitokea, hata uzi mmoja wa vumbi. Kitabu chenyewe, kilichokaa milimita chache tu nyuma ya plastiki hiyo, kilionekana kama kitu kilicho upande wa pili wa dirisha lenye mvuke. Mnunuzi niliyemtumia picha akaniuliza, kwa adabu zake zote, kama kuna mkunjo ninaouficha karibu na uti wa kitabu. Mkunjo haukuwapo. Tatizo lilikuwa skana, niliyoichagua kwa sababu boksi lake liliandikwa namba kubwa ya dpi, yaani idadi ya nukta inazosoma kwa kila inchi.

Kwa asiyeyajua makasha haya, kampuni kama CGC ya Sarasota, Florida, iliyoanza kazi mwaka 2000, hupokea kitabu cha katuni, hukikagua, hukipa alama kati ya 0.5 na 10, kisha hukifungia ndani ya kasha gumu la plastiki angavu. Juu ya kasha kuna lebo yenye jina la kitabu, namba ya toleo, alama, rangi ya kurasa na namba ya cheti. Ndani ya kasha hilo kuna plastiki nyingine, laini zaidi, inayokikumbatia kitabu. Huwezi kukitoa bila kuvunja kasha, na ukilivunja ile alama haipo tena. Kwa hiyo utakachoskani ni jalada la mbele na la nyuma tu, na utayaskani kupitia tabaka mbili za plastiki. Skana nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa karatasi inayogusa kioo. Kitabu chako hakitagusa kioo kamwe.

Jambo la kwanza basi ni kujua skana inaona umbali gani juu ya kioo chake. Zipo za aina mbili. Aina ya kwanza, CIS, ina safu ya vihisi yenye upana sawa na kioo, inayopita chini kabisa ya kioo ikiwa na taa zake ndogo pembeni. Ni nyembamba, nyepesi, na mara nyingi hupata umeme kupitia waya wa USB pekee. Canon LiDE zote ni za aina hii, na Epson Perfection V39 pia. Kwa risiti, vyeti vya shule na barua hazina shida, lakini kitu kikiinuka kidogo tu kutoka kwenye kioo, kinafifia. Aina ya pili, CCD, hutumia vioo vya kuakisi na lenzi kupeleka picha kwenye kihisi kidogo, karibu kama kamera. Kwa sababu hiyo mwili wake ni mnene, ni mzito, na unahitaji adapta ya ukutani. Epson Perfection V600 na V850 ni CCD. Hii ndiyo inayoweza kusoma kitabu kilichojificha nyuma ya plastiki.

Muuzaji asipojua aina, na wengi hawajui, mwombe akuwashie skana. Weka sarafu mbili juu ya kioo, mbali kidogo moja na nyingine, na juu yake ulaze kitambulisho chako maandishi yakitazama chini. Ukiwa Marekani, sarafu mbili za robo dola zikipandana zinakuinulia kitambulisho milimita tatu na nusu, kwa hiyo weka mbili kila upande. Skani kwa 300 dpi. Herufi ndogo za kitambulisho zikisomeka vizuri, endelea na mazungumzo ya bei. Zikiwa zimevimba kama zimelowa maji, mshukuru uondoke. Jaribio hili la dakika mbili lingeniokolea fedha zote nilizolipia skana ya kwanza.

Jambo la pili ni rula, na hapa ndipo hata walionunua CCD nzuri wanapokwama. Kitabu cha katuni cha Marekani cha siku hizi kina upana wa inchi 6 na kitu na urefu wa inchi 10 na robo hivi, kwa hiyo mtu huona kioo cha A4 kinamtosha. Kitabu kinaenea, ndiyo, lakini kasha halienei. Kasha la CGC ni takriban inchi 8 kwa 13, wakati kioo cha V600, na hata cha V850 iliyo ghali zaidi, ni inchi 8.5 kwa 11.7. Inchi moja na zaidi inabaki nje. Ingekuwa karatasi, usingejali. Kasha ni gumu, na kioo kimezungukwa na fremu iliyoinuka. Upande mmoja wa kasha unapanda juu ya fremu, upande mwingine unalala kwenye kioo, na kasha zima linakaa mshazari kama gari lililopandisha gurudumu moja kwenye kingo ya barabara.

Mshazari huo una madhara mawili. Kwanza, upande ulioinuka unapoteza ukali wake. Pili, na hili watu hawalitarajii, lenzi ya CCD hukiona kitu kilicho mbali kuwa kidogo kuliko kilicho karibu. Kitabu kinatoka kikiwa chembamba kidogo upande mmoja, na ukiskani mara mbili, mara ya lebo na mara ya chini, ukijaribu kuziunganisha picha hizo kwenye kompyuta mistari haikutani. Utahangaika usiku kucha ukidhani programu ndiyo mbovu.

Dawa yake ni kipande cha kadibodi. Pima urefu wa kuinuka kwa fremu, kata ukanda wa kadibodi wenye unene huo huo, uuweke kwenye kioo chini ya ncha ya kasha isiyopanda fremu. Sasa kasha limelala sawa. Limekwenda mbali zaidi na kioo, kweli, lakini umbali ni mmoja kila mahali, na CCD inaweza kuuvumilia. Skani nusu ya chini, zungusha kasha nusu mzunguko bila kulipindua, skani nusu ya juu, ukihakikisha picha mbili zinapishana kwa inchi kadhaa ili programu ya kuunganisha ipate pa kushika. Mwenye mfuko mpana anaweza kuikwepa kazi hii yote kwa kununua skana ya A3. Epson Expression 12000XL ina kioo cha inchi 12.2 kwa 17.2 na ni CCD, ila bei yake ni ya maktaba na studio, si ya mtu mwenye vitabu ishirini. Angalia pia skana kuukuu za ofisi zenye kioo cha saizi ya Legal, inchi 8.5 kwa 14, ile ya mawakili wa Marekani. Kasha linaingia zima. Ukiipata moja ambayo ni CCD na bado ina programu inayofanya kazi na kompyuta yako, ichukue. Mimi niliona kadibodi inanitosha.

Kama skana inakuja Nairobi au Dar ndani ya begi la ndugu anayetoka Marekani, soma kibandiko cha adapta kabla ya kuichomeka. Ikiandikwa 120V peke yake, umeme wa kwetu utaiunguza siku hiyo hiyo. Na skana za CCD nyingi zina kufuli ya safari inayozuia mkono wa ndani usicheze njiani. Ifunge kabla ya kusafirisha, ifungue kabla ya kuwasha. Nimesikia skana ikikwaruza kwa sauti ya kusikitisha kwa sababu tu mtu alisahau kuifungua.

Kuhusu dpi, tulia. Namba kubwa za boksini zimewekwa kwa ajili ya filamu za picha. Kasha la inchi 8 kwa 13 likiskaniwa kwa 300 dpi linatoa pikseli 2,400 kwa 3,900, na faili la TIFF lisilobanwa la MB 28 hivi. Kwa 600 dpi linafika MB 112. Kwa 1,200 unakaribia MB 450, na ulichoongeza ni picha kubwa zaidi ya nukta za wino na vumbi. Mimi huskani kwa 600, nahifadhi TIFF, kisha napunguza na kutoa JPEG ya kutuma kwa watu.

Usafi unastahili subira kuliko mipangilio yote. Kioo cha skana ni kigumu kuliko plastiki ya kasha, kwa hiyo punje ya mchanga ikinaswa katikati, kitakachoumia ni kasha. Liweke kasha kwa kulishusha taratibu, usilisukume likateleza. Futa kwa kitambaa cha maikrofaiba kilicho safi, bila kukandamiza, maana plastiki ikisuguliwa kavu kwa nguvu hupata umeme tuli na kuvuta vumbi lote la chumbani. Dawa za kusafishia vioo zenye amonia zisiguse kasha, kwani huweza kuifanya plastiki iingie ukungu na vijiufa. Na kioo cha skana usikipulizie maji moja kwa moja, yanapenya pembeni hadi ndani. Lowesha kitambaa.

Kifuniko hakitafunga juu ya kasha, na usijaribu kukilazimisha. Kwenye skana nyingi kimetengenezwa kiweze kutolewa. Kiondoe, ufunike kasha kwa kitambaa cheusi kizito, uzime taa ya chumba. Ndani ya programu, zima kila kinachofanywa kiotomatiki: kukata kingo, kurekebisha mwanga, kunoa picha, kuondoa vumbi. Kurekebisha mwanga ndiko hatari zaidi, kwa sababu programu huiona rangi ya manjano ya karatasi ya miaka ya 1960 kama kosa na kuifanya nyeupe. Hapo umemwonyesha mnunuzi kitabu kisichokuwapo.

Utakutana na mawimbi ya ajabu juu ya rangi, hasa kwenye nyuso na anga. Vitabu hivi vimechapwa kwa nukta ndogo za wino, na nukta hizo zikigongana na pikseli za skana huzaa mchoro ambao haumo kwenye karatasi. Programu ya Epson ina kitufe cha Descreening cha kuyaondoa, lakini kinafanya hivyo kwa kulainisha picha, na mikunjo midogo ya uti inalainika pamoja nayo. Kuskani kwa 600 kisha kupunguza kwa kawaida kunayamaliza bila hasara hiyo. Pete za rangi ya upinde wa mvua, kama mafuta juu ya maji, ni jambo lingine: hizo ni pete za Newton, zinazotokea pale tabaka mbili za plastiki zinapokaribiana mno na mwanga ukaanza kujigonga wenyewe. Ziko kwenye kasha lenyewe. Usizifute kwa programu, mtajie mnunuzi kwamba ni za plastiki. Majalada yenye foili ya kung'aa nayo hutoka meusi, maana mwanga wa skana unaakisiwa upande ambao lenzi haipo. Zungusha kasha nyuzi 90 ujaribu tena, na ikishindikana chukua simu, simama karibu na dirisha, piga picha kwa pembeni. Skana haiwezi kila kitu.

Picha ionyeshe kasha zima, kingo zote nne na lebo, mbele na nyuma. Ukikata ukabakiza jalada peke yake inapendeza, lakini haimsaidii mtu. Kuanzia mwishoni mwa 2023 CGC yenyewe ilijikuta ikishughulikia kesi ya makasha yaliyochezewa, ambamo vitabu vilibadilishwa huku lebo ya alama ya juu ikibaki pale pale. Tangu hapo wanunuzi makini wanakuza picha kwenye maungio ya kasha kabla hata ya kutazama jalada. Wanalinganisha pia picha yako na ile ambayo kampuni huenda iliweka kwenye rekodi ya cheti, wakitafuta nukta ya wino au kona iliyopinda iwe ile ile.

Faili lipe jina la namba ya cheti, kisha neno mbele au nyuma, kisha tarehe. Skani siku kasha linapofika, kabla hujalipanga rafuni, maana likija kupata ufa baadaye, bima na msafirishaji wote watauliza lilikuwaje lilipoingia nyumbani kwako.