Kula vibichi bila kuishia kushika tumbo

Wadau, siku hizi hapa Mwanza kila kijiwe kina mtu anasema mababu walikula vibichi ndo maana walikuwa na nguvu. Mi kachumbari naipenda ila hilo la mababu linanichekesha, maana kule Afrika Kusini kwenye pango la Wonderwerk wamekuta majivu ya moto wa kama miaka milioni 1 iliyopita, na Wahadzabe, wale wawindaji wa Ziwa Eyasi, matunda pori wanakula hivohivo lakini nyama wanachoma na mizizi mara nyingi wanaibabua kwanza. Halafu hivyo vya mababu vyenyewe vingine vimekuja tu: sangara tunayemwita wa kwetu kaletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, muhogo nao asili yake Amerika Kusini!

Haya, ukitaka kuanza, anza na vya kumenya: embe, papai, tango, karoti. Kabichi ya kachumbari bandua jani moja moja, osha na maji yaliyochemshwa yakapoa, sio ya ziwani. Mi natumia beseni jeupe nione mchanga, namwaga naweka mengine mpaka chini kusibaki chembe. Nyanya kula kote kote, mbichi inatunza vitamini C, ukikaanga na mafuta mwili unapata zaidi likopini, ile inayoipa nyanya wekundu.

Sasa muhogo. Mtamu watu tunatafuna mbichi toka utoto, ila mchungu una sianidi, sumu kabisa. Kuna siku nilinunua barabarani, tafuno la kwanza chungu nikajikaza nisionekane wa kudeka, haikupita muda kichwa kinagonga na natapika pembeni ya mtaro watu wanapita. Ukisikia uchungu tema, huo ni wa udaga, wa kuvundikwa na kuanikwa kwanza.

Maharage mabichi usijaribu hata kwa utani. Loweka usiku, maji yale mwaga, weka mapya yatokote kwelikweli dakika 10 au zaidi ndo upunguze moto.

Na wale wa sato mbichi na ndimu, ndimu inageuza nyama nyeupe unadhani imeiva kumbe minyoo ipo tu. Kuigandisha ili ife inataka baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri siku 7 mfululizo, na umeme wetu huu unaujua mwenyewe.

Dagaa wa Mwaloni, soko letu la samaki hapa Mwanza, hata wakiwa wakavu wa kuvunjika, wameanikwa mchangani na kunguru wamepita juu, toa vichwa, osha maji moto mara mbili, kaanga. Vichwa wape kuku.